Kangaga ya Mwalimu: ua lililonyweshwa mara mbili kwa siku na bado likakauka

Mwalimu alishuka kwenye bajaji Jumamosi moja ya mwezi wa nane, amekumbatia kitu kilichofunikwa khanga. Nikadhani ameniletea chakula. Akakiweka juu ya meza yangu ya miche hapa Uyole, Mbeya, akafunua, akasema, "Haya mwanangu, nimekuletea maiti."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Angalia kwanza, habari za nyumbani tutaulizana baadaye."

Ndani ya chungu cha udongo kulikuwa na vikonyo vyeusi, vyembamba kama nyuzi za gitaa, vinang'aa kana kwamba vimepakwa mafuta. Hivyo ndivyo vilivyobaki. Vijani vyenyewe vilikuwa vimejikunja na kugeuka rangi ya ugoro, na nilipopitisha kiganja juu yake vilimwagika mezani kama majani ya chai. Chini kabisa, katikati ya vikonyo, niliona kijani kimoja kibichi, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi. Alinifundisha hesabu darasa la nne na mpaka leo hunisahihisha nikikosea chenji. Aliponiona nimenyamaza akajitetea kabla sijauliza: "Nimelimwagilia asubuhi na jioni. Kila siku. Hata Jumapili kabla ya kwenda kanisani."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwenye simu mwezi mmoja nyuma, yakanipoteza. Nitafika huko. Naandika kisa hiki kizima, pamoja na sehemu niliyoharibu mimi, kwa sababu watu wengi wanaonijia na kangaga iliyokauka huwa wameshapewa jibu moja tu njiani, nalo ni "maji". Wengine wanaambiwa yamezidi, wengine wanaambiwa yamepungua. Ya Mwalimu ilikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na bado maji ya kwenye chungu hayakuwa chanzo.

Ua lenyewe

Kitaalamu ni Adiantum raddianum. Ni kangaga ndogo; ikistawi sana inafika nusu mita. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye nchi za joto, kandokando ya vijito na kwenye miamba inayochuruzika maji, na watu wameipenda mpaka ikasambazwa dunia nzima ndani ya vyungu. Misitu yetu ya milimani ina ndugu zake, kama Adiantum poiretii, lakini huyo mwacheni aliko, hasa kama msitu ni wa hifadhi. Wateja wangu wengi hawaiiti kangaga. Husema "lile la majani madogomadogo". Kila kijani kina umbo la kipepeo cha kupulizia moto jikoni, na ni chembamba kiasi kwamba ukikishika kuelekea juani unaona kivuli cha kidole kwa upande wa pili.

Jina Adiantum asili yake ni Kigiriki, likiwa na maana ya kitu kisicholowa. Ukimwagia maji juu, matone yanaviringika na kuanguka kama kwenye jani la gimbi. Kumbuka jambo hilo, maana linahusu ile chupa ya kunyunyizia ambayo kila mtu hushauriwa anunue.

Halina ua wala mbegu. Ila Mbeya chochote kilicho kwenye chungu ni ua, kwa hiyo nami nitaliita hivyo.

Lilikotoka

Mama yake Mwalimu alifariki mwezi wa pili, Tukuyu. Mwezi wa tatu, ndugu walipokaa kugawana vitu vya marehemu, wengine walichukua mabati, wengine vyombo, na yeye akachukua kangaga iliyokuwa kibarazani ndani ya sado ya rangi iliyotobolewa chini. Alipanda nayo Coaster, akaipakata, wakapita Kiwira, wakapanda Isyonje kwenye ukungu, wakateremkia Igawilo hadi mjini. Ni kilometa 70 hivi. Haikuvunjika hata kikonyo kimoja.

Sado haikupendeza sebuleni. Akaihamishia kwenye chungu cha Wakisi, vile vinavyofinyangwa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa Matema na Kyela. Chungu kizuri kweli, kina nakshi shingoni, lakini ni cha kupikia na hakina tundu. Akakiweka kwenye dirisha linalotazama mlima Loleza, karibu na mshubiri wake wa siku nyingi.

Na ua likastawi. Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Kwenye simu yake ana picha ya mwezi wa nne ambayo chungu hakionekani kwa majani. Kama lingeanza kufa wiki ya kwanza, mtu yeyote angejua sehemu haikulifaa. Lilikaa vizuri wiki kumi, likamfanya aamini kwamba amelipatia.

Kuanzia Juni mambo yakageuka. Ncha za vijani zilianza kukauka, kwanza upande wa dirishani. Akaongeza maji, kutoka mara moja hadi mara mbili kwa siku. Mwisho wa Juni baridi ikakaza, akawa anaingiza jiko la mkaa sebuleni jioni, mlango ukiwa wazi kidogo. (Nilimgombeza kwa hilo kama mtoto anavyoweza kumgombeza mama: mkaa ndani ya chumba huua watu kabla ya maua.) Julai majani yakapauka. Jirani mmoja, mkulima wa mahindi, akamwambia limeishiwa nguvu, naye akachukua kijiko cha chai cha urea iliyobaki stoo tangu msimu wa kukuzia, akainyunyiza na kumwagilia. Wiki haikuisha, nusu ya majani yakalala.

Halafu akageuza jani moja na kuona vidoa vya kahawia vimejipanga pembezoni kwa chini. Wadudu! Akavaa miwani, akakaa kibarazani, akawa anavikwangua kwa ukucha kijani baada ya kijani.

Baada ya hapo ndipo akanipigia simu.

Kosa langu

Nilimuuliza swali moja: unamwagiliaje? Akasema asubuhi na jioni. Nikamwambia achomeke kijiti mpaka chini ya chungu. Akanipigia tena: kijiti kimetoka na tope na kinanuka. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mizizi inaoza, aache kabisa kumwagilia kwa wiki moja na nusu mpaka udongo ukauke.

Kwa mimea mingi ya chungu ushauri huo haukosei sana. Mimi mwenyewe nimeshazika miche mingi kwa maji kuliko kwa ukame. Na kijiti hakikusema uongo, chini kulikuwa na tope. Lakini sikumuuliza chungu ni cha aina gani. Sikumuuliza ua liko wapi ndani ya nyumba, wala limeanza lini. Nilitibu kijiti. Yale majani yaliyokuwa yamesalia yalikauka katika hizo siku kumi, na ndiyo yaliyonimwagikia mezani.

Tulichokikuta ndani ya chungu

Nililaza chungu ubavu kwenye beseni nikatoa udongo wote ukiwa umeshikana. Theluthi ya chini ilikuwa tope jeusi lenye harufu ya mtaro. Juu na pembeni udongo ulikuwa mkavu, umesinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, ukabaki mwanya ambao kidole kinaingia. Hapo ikaeleweka: kila alipomwagilia, maji yalipita kwenye mwanya, yakashuka moja kwa moja chini na kukaa, kwa kuwa tundu hakuna. Mizizi ya katikati haikuonja kitu. Nje ya chungu kulikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, alama kwamba maji yalikuwa yanapenya kwenye udongo wa chungu na kuyeyukia hewani, yakiacha mabaki yake ukutani.

Mizizi ya kangaga inadanganya macho. Ya mahindi au nyanya ikiwa hai huwa myeupe, na ikiwa nyeusi imekufa. Ya kangaga hii huwa ya kahawia iliyokolea hata ikiwa na afya tele, kwa hiyo ukiangalia rangi peke yake utaitupa jalalani. Unatakiwa uivute taratibu. Iliyokufa inavuka ganda kama soksi na kuacha uzi mwembamba. Iliyo hai inakataa. Za chini zote zilivuka. Za katikati, nusu kwa nusu. Kisha nikatafuta shina, ambalo kwa kangaga ni kipande kifupi kinacholala usawa wa udongo, kina manyoya ya kahawia, na watu hulidhani ni takataka. Nikalikwaruza kwa ukucha. Ndani lilikuwa gumu, rangi ya krimu, lina majimaji.

"Si maiti, Mwalimu. Ni mgonjwa aliyelazwa."

Hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

Nani alilikausha?

Washtakiwa walikuwa wengi: baridi, jiko, jua, urea, chungu, na mimi. Mwalimu alitaka tuwapange kwa uzito, naye akaanza na baridi, kwa kuwa Mbeya ya Juni na Julai kila mtu huilaumu baridi kwa kila kitu, hata kwa betri ya gari.

Baridi niliitoa mapema. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko chini kidogo tu, mita 1,500 na ushee. Ua hili lilikaa kwa marehemu miaka, tena kibarazani, nje, likapita Julai zote za Tukuyu bila kukunja uso. Usiku wa sebuleni Mbeya hauwezi kuwa mbaya kuliko kibaraza cha Tukuyu kiasi cha kuua. Na kangaga iliyopigwa na baridi huwa inaanza kulegea na kuwa nyeusi. Hii ilianza kwa kukauka ncha.

Tofauti ya miji hii miwili ni maji yaliyo hewani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mbeya mjini hupata kama nusu yake, na karibu yote kati ya Novemba na Mei. Baada ya hapo mvua hukata, anga linakuwa bluu tupu, na kuanzia Agosti upepo unavuma mpaka vumbi linaingia ndani ya sukari. Tukuyu hata mwezi wa saba unaweza kuamka ukakuta ukungu umelala juu ya migomba na chai. Ua lilihamishwa mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha kote kuwili, kwa hiyo halikujua kama limehama. Lilikuja kujua Juni. Zile wiki kumi nzuri hazikuwa ushahidi kwamba mahali panafaa. Zilikuwa masika tu.

Mwalimu hakuridhika na maneno. Akataka kuona. Jioni ile nilimsindikiza nyumbani, nikachukua leso mbili za aina moja, nikazilowesha na kuzikamua sawasawa, moja nikaitundika karibu na dirisha la sebuleni na nyingine bafuni. Ya sebuleni ilikuwa imekauka kabla hatujamaliza chai. Ya bafuni aliniambia kwa simu asubuhi yake kwamba bado ina ubaridi ukiishika. Hapo akaelewa. Akasema mwenyewe: "Kama mtungi." Ndiyo. Mtungi wa maji unapoa kwa sababu maji yanapenya ukutani na hewa kavu inayachukua. Msimu wa mvua mtungi haupoi vizuri kwa kuwa hewa imeshashiba. Vijani vyembamba kama vile vinachukuliwa maji vivyo hivyo, upesi kuliko mizizi inavyoweza kupandisha mengine, hata kama chungu kinaelea. Mshubiri uliokuwa dirisha lilelile ulikuwa mnene, unang'aa, kwa kuwa jani lake ni ghala la maji lililopakwa nta.

Alikuwa anamwagilia chungu, na aliyekuwa na kiu ni hewa ya sebule. Jiko la mkaa liliongeza tu ukavu huohuo, saa tatu au nne kila jioni.

Jua nilikaribia kulisahau. Nilimuuliza kama dirisha linapata jua akasema hapana, ndiyo maana alilichagua. Na mwezi wa tatu kweli halikupata. Lakini Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa tatu jua la mchana liko karibu utosini, na ukingo wa bati unalizuia. Juni limeinamia kaskazini zaidi ya nyuzi 30, linapita chini ya ukingo wa bati na kuingia moja kwa moja kwenye madirisha yanayotazama kaskazini, na Loleza iko kaskazini mwa mji. Kwa hiyo dirisha la kivuli la mwezi wa tatu lilikuwa dirisha la jua mwezi wa sita. Ndiyo sababu ncha za upande wa kioo ndizo zilizotangulia. Mwalimu alikaa kimya, akachora jua na ukingo wa bati kwa kidole kwenye vumbi la meza, akasema, "Hii nilikuwa naifundisha."

Urea ndiyo iliyolaza nusu ya majani kwa mpigo. Ukitaka kuona inavyofanya, tia chumvi kwenye kachumbari uone vitunguu vinavyotoa maji. Mbolea iliyoyeyuka kwa wingi kwenye udongo inavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya mizizi kuyavuta kutoka kwenye udongo. Muhindi una mizizi minene na shamba zima la kutawanyia. Kijiko kimoja kwenye chungu kimoja, juu ya mizizi myembamba kama nywele, ni dhoruba. Kangaga ikilishwa, ilishwe mbolea ya maji iliyozimuliwa kuliko maelekezo ya pakiti, wakati inachipua, si wakati inaumwa.

Maji ya bomba tuliyazungumzia kidogo tukayaacha. Sikuona dalili yoyote ya kuyashuku.

Hukumu yangu, kama inatakiwa: hewa kavu na jua vililiumiza, chungu kisicho na tundu kikaficha kiu, urea ikaliangusha, nami nikalifunika shuka.

Wale wadudu

Kabla sijakata chochote nilichomoa jani moja ambalo bado lilikuwa na vijani vichache, nikaligeuza juu ya karatasi nyeupe. Kila kijani pembezoni kina kipande kilichokunjwa kwa ndani, kama upindo wa gauni. Vidoa vya kahawia vimo ndani ya upindo huo. Niligonga jani kwa kucha mara mbili na vumbi la rangi ya kakao likaanguka kwenye karatasi. Ni spora, ambazo kwa kangaga hushika nafasi ya mbegu. Mdudu gamba angekuwa ametawanyika ovyo, mmoja kwenye kikonyo, mwingine mgongoni mwa jani, na angebanduka kizima kwa ncha ya sindano. Vidoa vilivyojipanga kwa mstari na kwa nafasi sawa ni vya mmea wenyewe.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe nilikuwa naua wajukuu."

Niliikunja karatasi na vumbi lake nikaiweka mfukoni.

Matibabu

Nilikata vikonyo vyote, sentimita mbili juu ya shina, nikaacha kile kijani kimoja. Mwalimu alipinga, alisema kama majani yamekauka si yatapona yakipata maji? Hayaponi. Kijani cha kangaga hii kikishakauka hakirudi, na kukiacha ni kuacha kuvu pa kuanzia. Uhai wote uko kwenye shina.

Nikaosha mizizi kwenye beseni mpaka maji yakatoka safi, nikaondoa iliyovuka ganda, nikapanda upya kwenye kopo la plastiki lenye matundu. Udongo ulikuwa mboji ya majani yaliyooza, karibu nusu. Inayobaki ni mkaa uliopondwa na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini, ambavyo huku kwetu vimejaa kwenye kingo za barabara kuelekea Rungwe. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya miaka kama 4,000 iliyopita na kuvitawanya, na sisi wenye vitalu tunavikusanya bure. Vinanyonya maji na bado vinaacha hewa ipite. Shina sikulifukia, nililiketisha juu ya udongo na kulibana kidogo tu. Likifukiwa linaoza.

Kisha nikachukua dumu la maji ya kunywa la lita 18, lile angavu, nikalikata katikati na kulifunika kopo zima. Hilo si wazo langu. Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, mnamo 1829 aliweka buu la nondo kwenye chupa yenye udongo, akaifunga, na akakuta kangaga imejiotea ndani humo, ingawa zile alizopanda bustanini zilikuwa zinakufa kwa moshi wa mji. Kutokana na chupa hiyo akatengeneza makasha ya vioo, na 1833 mimea ikasafirishwa kwa meli mpaka Australia ikiwa hai ndani yake. Ndani ya chombo kilichofungwa hewa inashiba maji na haina haja tena ya kuyachukua kwenye jani.

Ndiyo maana sikumpa Mwalimu chupa ya kunyunyizia. Matone yanaviringika na kuanguka, hewa inalowa kwa dakika chache, basi. Labda ukinyunyiza kutwa nzima bila kufanya kazi nyingine.

Niliweka dumu chini ya wavu wa kivuli. Kila asubuhi nililiinua kwa muda mfupi ili hewa ibadilike, nikalirudisha. Kumwagilia ilikuwa mara moja kwa siku nne au tano, kwa kupima uzito wa kopo mkononi. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya pili vilevile, na kile kijani kimoja kikafa, nikaona aibu kumwambia. Siku ya kumi na tisa nilikuta katikati ya manyoya ya shina kitu kama mkia wa kinyonga, kimejikunja, chekundu kidogo, kirefu kama punje ya mchele. Siku mbili baadaye vilikuwa vitatu. Nilimtumia picha. Alijibu kwa neno moja la kwao, la kushukuru: "Ndaga." Halafu baada ya dakika, "Ndaga fijo."

Bafuni

Lilirudi nyumbani katikati ya Septemba, na tulibishana kuhusu mahali. Alitaka sebuleni kwa kuwa ni ua la mama yake, wageni waone. Nilitaka bafuni. Bafu lake lina dirisha dogo la juu linalotazama kusini, na kwa siku watu wanne wanaoga humo maji ya moto ya ndoo. Wasiwasi wangu ulikuwa mwanga, kwa hiyo tukapima kwa gazeti: saa nne asubuhi, taa imezimwa, ukiweza kusoma maandishi madogo ya matangazo ya vifo bila kukunja macho, panatosha. Aliyasoma yote, pamoja na ya watu asiowajua.

Chungu cha Wakisi hatukukitupa. Kopo la plastiki liliingizwa ndani yake, na nafasi kati yao tukaijaza vipande vya mkaa vilivyoloweshwa. Mkaa unamwagiliwa wenyewe, kopo linamwagiliwa lenyewe. Chungu kinatoka jasho kama mtungi, na jasho lake linapanda kuzunguka majani badala ya kuyaibia. Sina uhakika kama peke yake lingetosha sebuleni. Ndani ya bafu, limesaidia.

Dumu tuliliondoa kwa hatua: wiki moja likainuliwa kwa kijiti upande mmoja, wiki iliyofuata likavuliwa mchana na kurudishwa usiku. Oktoba ndiyo niliyoiogopa, maana ndiyo kiangazi kinapofika kileleni, joto limerudi na mvua bado. Jani moja lilikauka ncha. Tukarudisha dumu kwa siku tano, likatulia. Novemba mvua za kwanza ziliponyesha, Mwalimu alinipigia saa kumi na mbili asubuhi nisikie bati linavyolia, na kwamba dumu amelitupa.

Mwezi wa kwanza alikuja kunilipa pesa ya kopo, ambayo nilishamwambia aiache. Alikuwa amehesabu majani, 31, na ameyaandika kwenye daftari na tarehe. Wageni, alisema, wanamuuliza kwa nini ua zuri kuliko yote limefichwa bafuni, naye huwauliza kama wamekuja kuona ua au kuoga.

Nikampeleka nyuma ya kitalu. Ile karatasi ya spora niliikung'utia Agosti ileile juu ya tofali la kuchoma nililolimwagia maji yanayochemka, nikaliweka ndani ya sado angavu yenye maji kidogo na kuifunika. Oktoba tofali lilikuwa na utandu wa kijani kama ukuta wa kisima. Desemba utandu uligeuka kuwa vijani vidogo vyenye umbo la moyo, milimita chache kila kimoja, vimelala bapa. Katika hatua hiyo lazima viwe na maji juu yake, kwa kuwa mbegu ya kiume huogelea kwenda kwa ya kike. Na sasa, kutoka katikati ya mioyo miwili au mitatu, kulikuwa kumesimama uzi mweusi wenye kipepeo kimoja juu yake.

Mwalimu aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa maji.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa kwako, Mwalimu."

"Basi usiwape urea."